Wimbo wa Mfalme na Uji wa Bi Masouda

Nakabugo alikwenda Muscat kupika na kufua. Hakuna aliyemwambia kwamba kazi yenyewe ingekuwa kuimba. Lakini ndivyo ilivyokuwa katika nyumba ile ya mtaa wa Hail. Bi Masouda, bibi mzee wa nyumba, mzaliwa wa Unguja, alikuwa amesahau hata majina ya wanawe, na kijiko kikimkaribia tu, anafumba kinywa ndi.

Siku moja Nakabugo, akiosha vyombo, aliimba wimbo wa kwaya ya shule yao Masaka: wimbo wa mapenzi alioutunga mfalme mmoja wa Uingereza, miaka mia tano nyuma, kuwafurahisha mabibi wa ikulu yake. Bibi akaudakia! Kumbe naye alifundishwa na mwalimu wa Kizungu huko Unguja, utotoni.

"Nnaujua huo," alisema akicheka. "Kaimba hivyo, kisha kawakata vichwa wakeze wawili. Wanaume hao!"

Tangu hapo, ubeti mmoja, vijiko vitatu vya uji. Bila wimbo, hali. Na Nakabugo alimpenda bibi yule, tuseme ukweli, kuliko alivyopenda kitu chochote katika nchi ile.

Kisha dadake Bi Masouda akafariki, azaa, yaani matanga, ikawekwa nyumbani hapo: siku tatu za wanawake tele sebuleni, Kurani na kahawa. Badr, mwana mkubwa wa bibi, akamfuata Nakabugo jikoni.

"Siku tatu hizi sitaki kusikia nyimbo. Watu watatusema."

"Baba, asipoimbiwa hali."

"Njaa itamlisha."

Njaa, jamani! Siku ya kwanza hakugusa kitu. Ya pili maji tu, nusu yakamwagikia kifuani. Ya tatu midomo ilikuwa imepasuka, na Nakabugo akashindwa kuvumilia. Akafunga mlango wa chumba cha bibi, akaimba kwa sauti ya chini. Bibi akala vijiko sita. Cha saba kilikuwa hewani mgeni mmoja alipofungua mlango, akitafuta choo.

Kufika alasiri, azaa nzima ilijua kwamba mtumishi wa Badr anaimba mapenzi msibani. Badr aliona haya, na haya zikamtia ukatili. Kesho yake asubuhi akaifuta viza ya Nakabugo, adhuhuri akamshusha uwanja wa ndege. Hata kuaga hakumwachia.

Alikuwa keshagongewa muhuri wa kutoka, yuko kwenye foleni ya ndege, simu ilipolia. Badr.

"Nakabugo, imba. Tafadhali. Nnamwekea mama simu sikioni."

Akaimba palepale, watu wakimkodolea macho, machozi yakimtiririka. Ubeti wa kwanza, wa pili. Kisha akanyamaza kusikiliza.

"Amekula, baba?"

"Simu hana habari nayo. Anaangalia mlango. Anakungoja uingie. Rudi, nnakuomba."

"Nirudije, baba? Viza umeifuta mwenyewe."

Foleni ikasogea. Nakabugo akaanza tena ubeti wa kwanza, na hakunyamaza mpaka alipoambiwa azime simu.