Redio Isiyovuka Lami

Sijui kama haya ni ya kuandikwa na mtu kama mimi, niliyeishia darasa la nane. Lakini nisipoandika nitaanza kusimulia, na nikisimulia huwa naongeza.

Rafiki yangu alikuwa fundi wa redio hapa Eldoret. Mimi ni karani katika duka la mbegu na dawa za mifugo. Tulitoka wote upande wa magharibi, tukapanga ploti moja, na kwa kuwa yeye hakuweza kuona waya bila kutaka kujua unaenda wapi, alijitengenezea kituo chake cha redio. Kisanduku tu, cha AM, cha kutoshea juu ya stuli. Waya ulitoka juu ya mabati ukafungwa kwenye mkaratusi. Upande mmoja sauti ilifika geti za kwanza za mtaa wa Elgon View, upande wa pili ilifika barabarani. Ukivuka lami inakwaruza, halafu hakuna kitu.

Jumapili jioni, watu wakishatoka kanisani na kula, aliingia hewani. Salamu, bei ya mahindi kule soko la Ziwa, ng'ombe aliyepotea, nani amefiwa. Mimi nilimshikia makaratasi. Kila kipindi alikirekodi kwa kaseti ili baadaye asikie alipokosea. Na salamu za mwisho zilikuwa za mke wake, aliyekuwa chumba cha pili, ukuta mmoja tu katikati: "Najua unanisikia, hata ukijifanya unachagua mchele."

Alipofariki tulimpeleka nyumbani. Kwetu, siku ya kunyoa baada ya mazishi, wazee hugawa vitu vya marehemu mbele ya watu wote. Koti likaenda kwa mpwa, kiti kwa ndugu. Kisha mzee mmoja akanyanyua kile kisanduku, akaniita. "Huyu ndiye alikuwa anakaa naye akiongea. Achukue mdomo wake." Watu wakaitikia. Kitu cha siku ile hukatai. Nami, kwa akili yangu, nilidhani ukoo ukishanipa, hiyo ni ruhusa tosha. Habari ya leseni haikunijia kabisa.

Tuliporudi Eldoret, Jumapili ya kwanza niliwasha mlemle chumbani mwake, nikashika maikrofoni, maneno yakakataa. Nikatia kaseti yake moja. Sikutangaza kwamba ni ya zamani, na sijui kwa nini sikutangaza. Alipofika kwenye salamu za mwisho, nilimsikia mama, mjane wake, upande wa pili wa ukuta akijibu, polepole, kama mtu aliyeitwa akiwa jikoni: "Nakusikia, baba. Sichagui kitu."

Nikazima kisanduku upesi. Lakini Jumapili iliyofuata nilitia nyingine.

Majirani hawakulalamika. Mmoja aliniambia dukani, "Jirani, yule mtu wako amekufa lakini bado anatuambia bei ya mahindi. Na ile bei yake ni nzuri kuliko ya leo, mwache aendelee." Tukacheka. Nilicheka kidogo.

Aliyenijia kwa uchungu ni binti yao, anayeishi nyumbani na watoto wake. Alikuwa amemjengea mama nyumba mpya huko. Mama alikuwa peke yake hapa, kifua kinambana na baridi hii yetu, na kuna siku binti alikuja kumwona akakuta sufuria haijaguswa tangu juzi.

"Anko, anakataa kwenda. Anasema baba anaongea huku. Ni wewe unamwongelesha."

"Mama yako ananiomba."

"Hata mimi nakuomba."

Alikuwa na haki. Hata mama alikuwa na haki, na mimi katikati nikishika kaseti. Nikamwambia mama, "Shemeji, nikupe kaseti zote uende nazo nyumbani, usikilize hata kila siku."

Akaniangalia kama mtoto aliyesema neno la kijinga. "Kaseti naiwasha mimi. Redioni ananiita yeye." Halafu akauliza, "Wewe shemeji, serikali ikikupa karatasi, si unaweza kuongeza nguvu afike mpaka nyumbani?"

Hapo ndipo nilipoenda kuuliza katika ofisi ya serikali inayotoa leseni za redio. Msichana wa ofisini hakunidharau, niseme ukweli. Alinipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho, akapekua kompyuta yake.

"Mzee wangu, kuna leseni ya wale wanaoongea wenyewe kwa wenyewe kwa mitambo, ya kujifurahisha. Hiyo hairuhusu kutangazia watu. Kuna ya redio ya jamii, lakini hiyo ni ya kikundi kilichosajiliwa, na siyo ya mtu na kisanduku chake. Yako iko katikati."

"Na katikati hakuna karatasi?"

"Kwa sasa sijaiona. Labda siku moja." Akainama mbele. "Sasa Mzee, usiwashe. Kila mtu akiwasha yake, hakuna atakayesikia mwenzake. Tumeelewana?"

Nikasema tumeelewana. Na ni kweli anavyosema, hata mimi singependa mtu aingilie ibada yangu redioni.

Nilimweleza mama bila kuficha: hakuna leseni, na hata ingekuwepo, kisanduku kile hakiwezi kufika nyumbani. Akazungusha kikombe mkononi.

"Kwa hivyo nikienda, yeye anabaki."

"Nenda upone kifua, shemeji."

"Jumapili utaiwasha?"

Sikusema ndiyo. Sikusema hapana pia. Akafunga virago, binti akaja kumchukua, na chumba cha pili kikabaki wazi.

Jumapili ile nilikaa kando ya kisanduku mikono ikiwa mapajani. Sikuwasha. Jua likaanza kushuka, simu ikalia. Ni mama.

"Umesikia leo vile ameongea?"

Singeweza kumdanganya. "Shemeji, sijawasha. Niliahidi ofisini."

"Mbona mimi nimesikia?"

Nilikuwa na la kumjibu. Yeye mwenyewe fundi alinifundisha kwamba jioni jua likishuka, stesheni za mbali za AM huingia zenyewe, hata za nchi nyingine, na katika ule mkwaruzo mtu anaweza kusikia anachokingoja. Nilipaswa kumwambia hivyo. Badala yake nikauliza, "Amesema nini?"

"Hajakaa sana. Ameuliza tu mbona nyumba mpya mmeiweka mlango upande wa upepo."

Maneno hayo hayamo katika kaseti zake. Au niseme vizuri, hayamo katika zile nilizosikiliza. Kuna nyingine bado ziko kwenye katoni, na tangu siku hiyo sijataka kuzigusa.