V8 Niliyomchagulia Bi Zuhura

Kwenye injini hakuna kitu cha kunishangaza, nawaambia mapema ninyi mafundi wa kompyuta. Shule niliishia darasa la nne. Siku yangu ya kwanza kazini, karakana moja ya Manyoni, nilipewa beseni la dizeli nioshe nati. Kufika jioni nilikuwa namsahihisha aliyenipa beseni. Baadaye nikahamishiwa Itigi, kisha Singida Mjini, na hapo nikafungua gereji yangu. Sikumwomba mtu hata spana.

Mkuu wa Karakana kule Itigi alikuwa mzee mkali, daftari haliachi mkononi.

"Andika, bwana mkubwa," alinikemea, maana alijua najiona. "Gari likitoka pwani kuja huku juu, hewa ni nyepesi, nguvu zinapungua. Andika!"

Sikuandika. Kuandika kulinichosha, na kichwa changu nilikiamini kuliko daftari.

Miaka ikapita. Siku moja akaja Bi Zuhura, mwenye mashine ya kukamua alizeti, gari lake dogo likivutwa kwa kamba. Injini imekufa.

"Shikamoo fundi."

"Marahaba mama."

"Nataka injini ya siku sita za kazi na siku moja ya mbio."

Siku sita alizunguka Ihanja na vijiji vyake kununua alizeti. Jumapili alishindana kwenye uwanja wa zamani wa ndege, magari mawili mawili, mita mia nne, mstari ulionyooka. Alishataja anachotaka: silinda sita yenye turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa eksozi ikashindilia hewa ndani ya injini.

Nikacheka. "Turbo ni ya watoto, mama. Injini kubwa haihitaji kupuliziwa."

"Lakini fundi, huku kwetu hewa..."

"Hewa ni hewa! Nakuletea V8, silinda nane nzima. Ikipigwa na silinda sita ya mtu yeyote, V8 naibeba mimi, na hiyo turbo yako nainunua na kuifunga kwa hela yangu."

Gereji nzima ilisikia.

Nilishuka Dar es Salaam mwenyewe. Injini ikawashwa ikiwa juu ya matairi makuukuu. Nikaweka mpini wa bisibisi sikioni, ncha kwenye bloku, kama daktari. Ilinguruma mpaka kifua kikatetemeka. Nikasema hiyo hiyo.

Kuifunga kulinichukua wiki tatu. Nilichomelea vishikizo vipya vya injini, nikakata propela shafti, ile nondo inayopeleka nguvu magurudumu ya nyuma, na kuiunga upya. Chakula nilikula nimesimama.

Jumapili ya mashindano Bi Zuhura akapangwa na muuza mbao mmoja mwenye silinda sita na turbo. Akapigwa kwa urefu wa magari mawili. Nikabadilisha plagi palepale. Akapigwa tena. Nikang'oa chujio la hewa. Tena!

Muuza mbao akashusha kioo. "Fundi, ongeza kelele kidogo, labda itafika!"

Siku zilizofuata sikutulia. Nafungua, nafunga, nazunguka gari, narudi kufungua nilichokifunga. Mafundi wangu wakaanza kunikwepa. Jumatano Bi Zuhura akalichukua kwenda kazini, akarudi mchana amenuna.

"Nimeenda Ihanja kwa petroli ya kunifikisha Tabora. Pua ya gari nzito kwa hiyo injini, kwenye makorongo inachota mchanga. Mbio imeshindwa, kazi imeshindwa. Fundi, ulisema nini mbele za watu?"

Maneno ya yule mzee wa Itigi yakanijia yote, na daftari lake. Injini ile ile iliyonguruma pwani, huku ilikuwa inahema. Ningeweza kusingizia gia boksi, nani angenipinga?

"Nilisema naibeba, mama," nikamjibu. "Naibeba."

Nikamfungia silinda sita yenye turbo. Mara ya kwanza tu uwanjani, muuza mbao alikula vumbi lake, na Jumatatu gari likaenda Ihanja bila kulalamika.

Sasa mgongo umenitoa kazini. Kiti cha barazani nakikalia dakika tano. Gari likipita nasimama kulisikiliza, naanza kutafuta spana ambayo sina tena. Mkiuliza fundi bora Singida hii ni nani, mnamsoma. Ila mkimchagulia mtu injini, muulizeni ataiendesha wapi, halafu mfunge midomo mpaka amalize kujibu. Mimi kumkatisha Bi Zuhura, ukijumlisha hasara ya kuuza ile V8, bei ya turbo, nauli na gasketi, kulinigharimu shilingi milioni saba, laki mbili na elfu arobaini na tano.