Divai ya Kuongeza Damu

Mteja akisema divai nyekundu inaongeza damu, huwa naondoka mezani pake. Wenzangu wa hoteli hapa Kahama wanadhani nina maringo. Ni hasira tu, na ninajikasirikia mwenyewe.

Miaka ile mgodi wa dhahabu wa Buzwagi ukiwa bado unachimba, hoteli ilijaa mainjinia, na tajiri yetu akanituma Dodoma nikajifunze divai. Nilikuta mizabibu imesimama kwenye mchanga mkavu kama wa kwetu Kishapu, jua lilelile, vumbi lilelile. Ila wao huvuna mara mbili kwa mwaka, sisi pamba inatutoa jasho kwa mara moja tu. Nikafundishwa kwamba nyekundu kavu, ile isiyo na utamu, iende na nyama ya ng'ombe au mbuzi wa kuchoma, na samaki apewe nyeupe. Nilivyorudi nikaijaribu ile kavu na nsansa, yale majani ya kunde tunayoyapika kwa karanga. Ikawa chungu ajabu. Na michembe yetu, vile viazi vitamu vya kukaushwa, afadhali divai tamu.

Nyumbani nikawa mtaalamu. Ndugu walinivika kilemba cha ukoka, nami nikakiweka sawa kikae vizuri.

Wakati huo mama alikuwa ameanza kupauka. Akitoka kisimani anapumzika mara tatu. Magoti yalimsumbua miaka mingi, na vidonge vya maumivu vya dukani alivimeza kama karanga. Zahanati wakampima, wakamwambia damu imepungua. Akanipigia simu.

"Jirani anasema waini nyekundu inaongeza damu. Wewe unayeijua, ni kweli?"

Sikujua. Kule Dodoma hakuna aliyenifundisha lolote kuhusu damu. Lakini ningesemaje sijui, mtu niliyepelekwa kusomeshwa? Nikasema ni kweli, ile kavu, glasi moja jioni, pamoja na maini ya kuchoma. Jumamosi nikampelekea chupa nne.

Kanisa letu halitaki kilevi hata cha kunusa, na mama alikuwa kiongozi wa kina mama. Aliigeuzageuza chupa mkononi.

"Mwanangu, hii si pombe?"

"Mayu, ni dawa."

Akafunga mlango, akanywa amefumba macho, mkono mwingine umeshika kipande cha ini. Aliendelea hivyo wiki sita, kwa utii ambao mimi sikuwahi kumpa yeye.

Kisha akatapika damu. Tulimkimbiza hospitali Shinyanga, na daktari akasema ana vidonda vya tumbo. Vile vidonge vya magoti vilikuwa vimemchimba siku nyingi, damu ikivuja taratibu humo ndani.

"Mama, unatumia kilevi?" akauliza.

Kina mama watatu wa kanisani walikuwa wamekaa kando ya kitanda, wamekuja kumwombea. Mimi nilisimama miguuni pake. Mama alinitazama kidogo tu, kisha akamgeukia daktari.

"Nakunywa waini."

"Nani alikushauri?"

"Hakuna. Ni tamaa yangu mwenyewe."

Mmoja wa wale kina mama akafunga Biblia yake. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nilifungua mdomo, nikamuuliza daktari kama mgonjwa anaruhusiwa uji.

Kabla wiki haijaisha, wazee wa kanisa walikuwa wamekutana na kumtenga. Yeye akafariki siku mbili baadaye. Alizikwa bila mchungaji, bila kwaya. Mjomba ndiye aliyesali, akikwama kila mara. Kina mama aliowaongoza walikuja na kanga za kawaida, sare wameziacha nyumbani, wakakaa nyuma na majirani.

Walipokuwa wanaondoka, yule wa Biblia alinishika mikono yote miwili. Aliniambia nisijilaumu, mzazi akishaingiwa na pombe mtoto hawezi kumzuia, nami nilijitahidi kumtunza.

Nikamwambia asante.