Nilikula Kidari cha Ukoo, Nikakojoa Damu

Wakuu, nilikojoa damu.

Siyo rangi ya chai ya rangi. Damu kabisa, nyuma ya migomba ya kwetu Mkuu, Rombo, sikukuu ya Krismasi ikiwa bado mbichi na sisi wa Dar tumejaa kijijini kuonyeshana magari.

Nikamnong'oneza mke wangu, Mektrida. Akapiga yowe. Muda si muda ukoo mzima unajadili mkojo wangu.

Bingwa alikuwa baba mdogo Sirili, mdogo wa marehemu baba, ambaye sasa ndiye mkubwa wa ukoo. Udaktari sijui aliusomea wapi. Hata kunigusa hakunigusa.

"Jana kidari alikula nani?"

Kwetu mbuzi hagawanywi hovyo. Kidari ni cha mkubwa wa ukoo. Mimi na njaa zangu za safari nilikikuta kwenye sinia, nikakimaliza.

"Unaona sasa? Mizimu imekasirika. Leta jani la sale, lile la kuombea msamaha, na pombe ya mbege, upige magoti."

Nikapiga magoti, jani mkononi, ubavu unauma mpaka machozi yananitoka. Wazee wakafurahi sana.

"Huyu anajuta kweli!"

Mbege ikaisha. Damu haikuisha.

Kesho yake Mektrida akanitia kwenye gari, tukashuka hospitali Moshi mjini. Baba mdogo naye akapanda, eti kusimamia daktari asiharibu kazi ya mizimu.

Daktari Pamela akapima mkojo, akanipiga ultrasound.

"Una jiwe kwenye figo. Linakwaruza likishuka. Maji unakunywa?"

"Nakunywa bia, dokta."

Akasema damu kwenye mkojo ina sababu nyingi: mawe, maambukizi, kichocho, tezi dume, hata uvimbe kwenye kibofu.

"Ninayemwogopa zaidi ni mtu mzima anayekojoa damu bila maumivu. Anajiona mzima, anakaa nyumbani."

Baba mdogo akakohoa.

"Na kama inakuja, inaondoka?"

"Hata ikija mara moja, baba, njoo upimwe."

"Yangu ina mwaka wa pili."

Mdomo wangu hauna breki. "Kwani wewe ulikula kidari cha nani?"

Nilijua atanizaba kofi. Akainamisha kichwa.

"Cha baba yako. Alikuwa anaumwa, nikaona hawezi kutafuna, nikala. Wiki ile ile akafa. Nimeshachinja mbuzi watatu kumwomba msamaha, mwanangu. Hanisikii."

Utani wote uliniisha. Nilimwonea huruma, na nilikasirika kwamba muda wote huo alichinja mbuzi badala ya kupimwa.

Alipopimwa, baba mdogo alikutwa na uvimbe kwenye kibofu. Saratani. Wamemfanyia upasuaji, anaendelea na dawa, na daktari hajatuahidi kitu. Angekuja damu ilipoanza tungekuwa tunaongea mengine.

Jiwe langu lilitoka lenyewe, kwa maji.

Ukiona damu kwenye mkojo, iume isiume, irudi isirudi, nenda kapime. Mizimu isubiri majibu ya maabara.