Sengu Ilivyonichagulia Programu

Padre wa parokia yetu alikuwa anarudi kwao Ulaya, akanipa sharti moja. Ile kompyuta yake ndogo, kibodi nene isiyo na kioo, ingekuwa yangu endapo ndani ya wiki tatu ningeiandikia programu ya kupanga ratiba ya shule niliyokuwa nafundisha. Nikishindwa, inakwenda seminari. Niliitaka ile mashine kuliko kitu chochote, na mke wangu alilijua hilo wala hakufurahi.

Kompyuta ilihitaji televisheni ndipo maandishi yaonekane. Pale kijijini kwetu Mkumbi televisheni ilikuwa moja tu, ya baba mkubwa. Serikali ilipowafungulia watu binafsi biashara na kahawa ikapata wanunuzi wengi, alikwenda Songea akarudi nayo, pamoja na betri ya gari ya kuiwashia. Hakuna kituo kilichofika milimani kwetu. Jumapili tulikaa sebuleni kwa adabu kutazama chenga.

"Shikamoo, baba mkubwa. Naomba kuazima televisheni."

"Marahaba. Hiyo ni mali ya ukoo, mwanangu. Lete neno lako kwenye sengu."

Kwenye sengu ndiko wanaume wa ukoo tulikokula pamoja na kuamua mambo, kuanzia mipaka ya mashamba mpaka posa. Nilifika na redio kaseti na kanda mbili za Padre, maana programu za mashine ile zilihifadhiwa kwenye kanda. Nikaeleza kwamba lugha ya kuandikia programu iitwayo Basic imo tayari ndani ya mashine, ila ni ya wanaojifunza. Kanda ya kwanza ina asembla, chombo cha kuiandikia mashine kwa lugha yake yenyewe, na kasi yake ni ya ajabu. Ya pili ina lugha ya wasomi wa vyuo. Moyoni nilishachagua asembla. Sikuwahi kuitumia, lakini nilitamani sana watu wasikie kwamba naitumia.

"Tuzisikilize," baba mkubwa akasema.

Programu ikipigwa kwenye redio hukwaruza kama mashine ya kusaga iliyomeza msumari. Wazee wakafumba macho, wakazisikiliza zote mbili mpaka mwisho.

"Ya pili ina adabu zaidi," baba mkubwa akatoa hukumu, na wenzake wakaguna kukubali.

Mjomba wangu, mchonga mitumbwi wa Lituhi aliyekuwa ametuletea mbasa, samaki wakavu wa Ziwa Nyasa, uvumilivu ukamshinda. "Mashemeji, mimi shoka silichagui kwa kulisikiliza. Na wewe mjomba, hiyo iliyomo ndani unaijua?"

"Naijua."

"Inahitaji kanda?"

"Haihitaji."

"Sasa unatafuta nini?"

Sengu ikaamua: Basic. Nikaitikia kwa unyenyekevu, nikabeba televisheni mpaka kwangu, nikapakia asembla.

Kuipakia kulichukua dakika tano. Nikikosea kitu kimoja, mashine iliganda, kila kitu kikapotea, nikaanza upya. Betri ikiisha niliifunga kwenye baiskeli kwenda kuichaji Mbinga mjini. Baada ya wiki mbili herufi R ilitokea kwenye kona ya kioo. Nikamwita mke wangu mbio.

"Hiyo ndiyo ratiba?" akauliza.

Nilikasirika, halafu nikaona aibu, maana swali lilikuwa halali kabisa.

Nikarudi kwenye Basic kimyakimya. Mistari yake hupewa namba, kumi, ishirini, thelathini, ili ukisahau jambo ulipenyeze katikati, nami nilisahau mengi. Siku moja kabla ya muda kwisha ratiba ikatoka, kidato kwa kidato. Kosa lilikuwa moja tu: Padre mwenyewe, ambaye bado alikuwa kwenye orodha ya walimu wetu, alipangwa kufundisha dini madarasa mawili kwa wakati mmoja.

Tulimwonyesha nyumbani kwa baba mkubwa, ukoo mzima ukiwepo. Alicheka mpaka akavua miwani. "Bado sijafikia utakatifu huo," akasema, "lakini inafanya kazi. Mwalimu, ulijuaje kuchagua chombo sahihi?"

Kabla sijafungua mdomo baba mkubwa akajibu, "Tulimchagulia sisi, Padre. Kwenye sengu. Yeye alikuwa anataka kanda."

Padre akawatazama wazee kwa heshima kubwa, akawapa mikono mmoja mmoja. "Basi mashine ni ya sengu. Mwalimu ataomba ruhusa."

Nilitaka kulia. Ningeweza kusimama nikasema kwamba ile kazi niliifanya peke yangu kwa wiki nzima. Lakini wangeniuliza zile wiki mbili za kwanza nilikuwa nafanya nini. Nikapiga makofi pamoja na wengine.