Ndoo Kwanza, Kadi Baadaye

Mkwaruzo wenyewe haukuzidi ukucha wa kidole gumba. Ulikuwa chini ya kitako cha kinyago, mahali ambapo mnunuzi haangalii mpaka mtu amgeuzie. Mtu alimgeuzia. Nimeshasahau mengi niliyofanyiwa katika jiji hili, lakini mkwaruzo ule sikuusahau, na wala sikujaribu.

Nilifika soko la vinyago Mwenge baada ya kupita kazi nyingi. Shule niliiacha darasa la sita. Nilichanganya zege Boko, nikafua mashuka ya gesti Sinza, nikabadilisha vioo vya simu Temeke kwa fundi ambaye mwishowe alinifukuza, kwa sababu nilikuwa nafungua hata simu nzima nione ndani kuna nini. Ndivyo nilivyo. Nikishajua kitu kinavyofanya kazi, miguu inaanza kuniwasha.

Mwenge palinishika kwa sababu ya mpingo. Sikuwa nimewahi kuona mti mkaidi namna ile. Katikati ni mweusi, lakini chini ya gome una utepe mweupe kama siagi. Na ukiutupa kwenye maji, hauelei. Unazama kama jiwe. Niliwauliza wachongaji maswali mpaka mmoja akasema, "Huyu mpeni kitambaa ang'arishe vinyago, labda mdomo utapumzika."

Aliyenipa kitambaa alikuwa mama mmoja wa kibanda cha nyuma kabisa, jirani na choo cha kulipia. Mumewe, mchongaji aliyetoka kusini, alikuwa amefariki na kumwachia vinyago kumi na tisa. Cha ishirini hakingekuja. Mama aliviuza kimojakimoja, bila haraka, na kila kilipoondoka aliitazama rafu kwanza ndipo arudi kwenye maongezi.

Mbele, barabarani, palikuwa na duka la vinyago lenye milango ya vioo. Mwenyewe ndiye pekee sokoni aliyekuwa na mashine ya benki ya kupokelea kadi, na sie wote tulimwita mwenye mashine. Wateja wengi, hasa wageni, hawatembei na taslimu. Kwa hiyo ukipata mteja wa kadi huko nyuma, unambeba na kinyago chake mpaka mbele, mwenye mashine anamlipisha, anakata chake, anakupa kilichobaki. Na palikuwa na mwiko mmoja ambao haukuandikwa popote: mteja aliyeletwa na mwenzako humwonyeshi bidhaa zako. Unashughulika na kadi yake tu, basi.

Siku ya mkwaruzo tulimpeleka dada mmoja wa Kizungu. Alikuwa amekaa nusu saa mbele ya kinyago kimoja: mwanamke amembeba mzee mgongoni, watoto wanapanda miguuni kwake. Chini ya kitako marehemu alikuwa ameacha ule utepe mweupe wa mpingo. Mie, kwa ujuaji wangu, niliupaka rangi nyeusi ya viatu ili kinyago kiwe cheusi chote. Kosa hilo ni langu na ninalikubali.

Mwenye mashine alikipokea kinyago, akakipindua, akatoa ufunguo mfukoni na kukwangua. Krrr. Weupe ukatokea. Akamwonyesha yule dada kidole chake chenye rangi ya viatu, akasema kwa Kiingereza kwamba ni bandia, ni mti wa kuni uliopakwa.

Mama akamwambia taratibu, "Baba, si unajua kabisa kwamba huo ni mpingo?"

Naye akajibu kwa Kiswahili, huku akimtabasamia mteja, "Mama, mie najua. Yeye hajui."

Baba yake mwenyewe alikuwa mchongaji. Alikua akichezea maranda ya mpingo. Alijua weupe ule kuliko mie.

Nikaanza kueleza kwa Kiingereza changu cha kuokoteza. Akanikatiza. "We mpaka rangi, rudi nyuma. Na mkono wako usogee mbali na mkoba wa mteja wangu." Mteja *wangu*. Dada wa watu akaukumbatia mkoba wake, akaniangalia mara moja, hakuniangalia tena. Aliondoka na kinyago cha dukani mle.

Haikuwa tamaa ya siku moja. Mwenye mashine alikuwa amekiomba kile kibanda cha mama mara tatu, akifanye stoo. Mwenye eneo alikuwa ameshamwambia mama kwamba kodi isipopatikana hadi mwisho wa msimu, kibanda kinahama mkono. Kwa hiyo kila mteja wa mama aliyepotelea mbele alikuwa hatua moja kuelekea mlangoni.

Mama alirudi, akakiweka kinyago juu ya rafu, mkwaruzo ukiwa chini. Nilichukua kitambaa niupake upya. Akanishika mkono. "Acha. Umeshapaka vya kutosha."

Nilisimama pale masikio yakiwaka, nikaamua kwamba mashine ile nitaiua. Sikuwaza maendeleo ya soko wala huduma bora kwa mteja. Nilimwaza mtu mmoja, na sura atakayokuwa nayo siku hiyo.

Wiki hiyohiyo, hapo kituo cha daladala, nikamwona dada muuza juisi ya miwa akipokea malipo. Mteja alitoa kadi, akaigusisha mgongoni mwa simu ya dada, simu ikalia tii, mtu akaondoka na juisi yake. Hakuna mashine, hakuna karatasi. Nilinunua glasi tatu ili nipate haki ya kuuliza. Simu gani? Inasomaje? Namba ya siri anaandika wapi? Nani anaruhusu? Mwishowe akaniuliza, "Kaka, we ni mtu wa kodi au unanitongoza?"

Nikamwambia mimi ni mtu mwenye kisirani. Akacheka, akanielekeza kila kitu. Ni programu tu, unaiweka kwenye simu, lakini simu yenyewe iwe na uwezo wa kuisoma kadi ikiwa karibu, na biashara iwe na leseni, namba ya mlipakodi na akaunti benki.

Mama alikuwa na karatasi zote ndani ya kopo la biskuti, ila zote kwa jina la marehemu. Tulianza kuzigeuza ziwe za jina lake. Nani amewahi kugeuza karatasi za marehemu akiwa na haraka? Dirisha hili linakutuma dirisha lile, na lile linataka muhuri wa serikali ya mtaa. Watu wanasema hasira inamchosha mwenye nayo. Mie ilinikalisha kwenye foleni ambazo mtu mwenye roho nzuri angeziacha saa nne asubuhi. Simu niliipata kwa yule fundi wangu wa Temeke. Nilimpa kisanduku changu cha bisibisi, akanipa simu iliyotumika, kioo kina ufa kutoka pembe hadi pembe.

Siku ya kwanza ya kuitumia, aliingia mama mmoja wa ofisini, Mtanzania, mwenye haraka na kadi ya ofisi yao. Walikuwa wanamuaga bosi anayestaafu. Akachagua kinyago cha watu waliopandana, kirefu kama mkono, kimoja kati ya vile vikubwa vilivyobaki. Bei wakaelewana. Mama wa kibanda akaniangalia. Na mie nikaiangalia rafu, nikajua kwamba kodi ya msimu imesimama pale mbele yetu, imevaa viatu virefu.

Nikaandika kiasi, nikageuza simu, yule mama akagusisha kadi. Simu ikatetemeka, ikakataa. Mara ya pili, ikakataa. Mara ya tatu ikaandika kwamba iwekwe kadi moja tu. Moja tu? Alikuwa ameshika moja.

Habari mbaya pale sokoni hazihitaji mtu wa kuzipeleka. Mwenye mashine akatokea, mikono mfukoni. "Shikamoo mama," akamwamkia mama wa kibanda, kwa adabu kabisa, kisha akanigeukia. "Dogo, ndiyo benki gani hiyo yenye ufa?"

Watu wakacheka. Akamwambia mteja, "Dada yangu, njoo mbele nina mashine ya uhakika. Na huo mzigo kabla hujalipa ukwangue chini. Hawa ndugu zangu wana rangi ya viatu."

Yule mama wa ofisini akarudisha kadi mkobani nusu. "Ni kweli?"

Mama wa kibanda ndiye aliyeinuka. Akavuta ndoo ya maji tuliyokuwa tunafulia vitambaa, akamwaga maji ya zamani, akajaza mapya, akakichukua kile kinyago kwa mikono miwili na kukiachia. Kikaenda chini moja kwa moja. *Tu.* Tuliusikia mlio wa mti kugonga kitako cha ndoo.

"Mpingo hauelei, mwanangu," akamwambia. "Ukinunua kinachoelea, umenunua kuni."

Kisha akanigeukia mimi, kama mtu aliyekumbuka mboga jikoni. "Na wewe, hiyo kadi yako ya basi uliyochomeka kwenye kava siyo kadi?"

Nikaliangalia kava. Kila mtu hapa Dar ana kitu nyuma ya simu yake, noti ya akiba, picha ya pasipoti, kitambulisho. Mie nilichomeka kadi ya mwendokasi siku niliyoipata simu, kwa mazoea, nikaisahau. Nilifungua simu za watu Temeke mpaka nikafukuzwa, na sikufikiria kwamba simu iliyotafuta kadi mgongoni kwake ilikuwa imeshaikuta yangu.

Nikavua kava. Mteja akagusisha. Tii. Akaandika namba yake ya siri juu ya ule ufa, akangoja, ikakubali. Ujumbe wa risiti ukaingia kwenye simu yake ukiwa na jina la mama. Si la marehemu, si la duka la mbele. La kwake. Mteja akanionyesha, nikamsomea mama.

"Hebu nisomee tena," mama akasema.

Nikasoma tena, kwa sauti, nikiwa nimemgeukia mwenye mashine. Aliondoka kabla sijamaliza. Kodi ililipwa kesho yake.

Ningeweza kuishia hapo, na mtu mwenye moyo mpana angeishia. Mie ndiyo kwanza nilikuwa naanza.

Wa vibanda vya nyuma wakaanza kuleta wateja wao kwetu. Nikamshauri mama tuweke sharti: anayetaka simu yetu, kinyago chake kiingie kwenye ndoo kwanza, mbele ya mteja. Wenye mti mwingine waseme mapema ni mti gani, na bei iwe ya mti huo. Wachongaji walipenda. Wateja walipenda zaidi, wengine walikuja kwa ajili ya ndoo tu. Wote walidhani nimeliweka sharti lile kwa faida ya soko. Nililiweka kwa ajili ya mtu mmoja, nikakaa kumsubiri. Mie ambaye sikai mahali nilikaa msimu mzima.

Alikuja mchana wa jua kali. Mashine yake ilikuwa imegoma tangu asubuhi, haishiki mtandao, naye alikuwa ameongozana na mzee wa Kizungu mwenye kofia, pamoja na dereva teksi aliyekuwa akimtafsiria. Amebeba kinyago cheusi kinachong'aa, kikongwe na mkongojo wake.

"Dogo, nisaidie hapo mara moja. Chako utakata."

"Karibu braza. Ndoo ile pale."

Akatabasamu. "Mie na wewe tena? Mteja ana ndege."

"Ndoo kwanza, kadi baadaye. Ndio utaratibu wetu huku nyuma."

Dereva teksi, mtu mwenye umbea wake, akamtafsiria mteja bila kuombwa. Mzee wa Kizungu akafurahi kama ameahidiwa mchezo. Akakichukua kinyago mkononi mwa mwenye mashine, ambaye hakukiachia mara moja, nilivihesabu vidole vyake vikiteleza, na kukitumbukiza mwenyewe.

Kikongwe akazama, akaibuka, akalala chali juu ya maji na mkongojo wake. Halafu maji yakaanza kubadilika rangi.

Hakuna aliyecheka, na ukimya ule ulinifaa kuliko kicheko. Mzee wa Kizungu akatazama maji, akamtazama mwenye mashine, akarudisha kadi kwenye pochi yake, akaweka pochi mfuko wa ndani. Nikamkumbuka yule dada aliyekumbatia mkoba siku ile. Ulikuwa mkono uleule.

Mwenye mashine akanisogelea, akasema kwa sauti ya chini, "Dogo, unajua kabisa dukani kwangu nina mpingo halisi. Mwambie basi. Vingi vyangu ni halisi."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimeshavishika.

"Najua, braza," nikamwambia. "Yeye hajui."

Alinielewa. Macho yake yalikwenda mara moja kwenye rafu, pale kilipokuwa kinyago chenye mkwaruzo, yakarudi chini. Mama naye alikuwa amesikia. Akainama, akamtoa kikongwe majini, akamfuta kwa kitambaa changu, polepole, masikio na mkongojo na vyote, akampa mwenyewe kwa mikono miwili. Mwenye mashine akapokea, akasema asante mama, akaenda zake akipita katikati ya vibanda vyote.

"Umeridhika?" mama akaniuliza.

Nikamwambia nimeridhika. Akanitazama kama anavyotazama rafu kinyago kinapoondoka.

"Haya, kamwage hayo maji machafu."

Nikamwambia nitayamwaga jioni. Nilitaka yakae pale, kila apitaye ayaone.