Suti Nyekundu na Mvua ya Mwezi wa Saba

Muniache nicheke kwanza mimi mwenyewe, kisha na ninyi mucheke, maana nikianza kuhadithia hii habari bila kucheka nitaona haya na nitaishia katikati. Aibu niliyoipata mwaka jana kule Lac Vert, kwenye njia ya Sake, mbele ya familia nzima ya mwanamuke niliyekuwa nakwenda kumuoa, hakuna mutu wa heshima anayepaswa kuipata, na ubaya zaidi ni kwamba niliitafuta kwa mudomo wangu.

Mujue kwanza kwamba mimi ni mwalimu wa jiografia katika sekondari moja hapa Goma, na ndiyo hiyo kazi iliyoniponza. Juma moja kabla ya sisi kupeleka mahari, papa yake Furaha, muchumba wangu, alinipigia simu. Muzee Bauma ni mufugaji aliyeteremuka kutoka milima ya Masisi zamani, mutu wa maneno machache, mwenye radio ndogo ambayo haitoki karibu na sikio lake.

"Prof," akasema, "radio imesoma utabiri wa kiangazi, wa huku kwetu pote, na Rwanda, na Uganda. Wanasema itakuwa baridi kuliko kawaida, na mvua inaweza kunyesha hata katikati ya mwezi wa saba. Nitafute shitingi, turubai la kufunika kiwanja?"

Swali rahisi kabisa! Mutu mwenye akili angejibu "Ndiyo, muzee, tafuta," na habari ingeishia pale. Lakini mimi nilikuwa nimekaa katika chumba cha walimu, wenzangu wote masikio wazi, na nilitaka waone namna mukwe wangu ananisikiliza, basi nikajinyoosha kwenye kiti, nikakohoa kidogo (ndiyo, nilikohoa), nikaanza kumufundisha muzee wa watu kama vile niko mbele ya ubao.

"Muzee, mwezi wa saba ni kiangazi. Hiyo mvua haiko. Haya mambo mimi ndiye ninayeyafundisha, usisumbuke na shitingi."

Akajibu tu: "Sawa, Prof. Kama umesema."

Furaha aliposikia aliniuliza kama niko na homa. "Papa aliishi na ng'ombe na mawingu tangu utoto, na leo ameongeza radio," akasema, "na wewe unamukatalia?" Nikamuambia atulie. Kwanza nilikuwa nimeshanunua suti, suti mupya ya rangi ya divai, ile wanaita bordeaux, inayong'aa, na muuzaji aliniapia kwamba katika Goma nzima haiko ya pili. (Kama ilikuwa imewahi kukutana na maji, sikumuuliza.)

Siku ikafika, jumamosi, na asubuhi jua lilikuwa kali hata nikajisikia kama mimi ndiye niliyeliagiza. Familia yangu ilikuwa imetoka Butembo, safari ya kuchosha, tukapanda minibasi mbili na mbuzi zetu tukaenda njia ya Sake. Kiwanja cha Muzee Bauma kilikuwa kimepangwa viti vizuri juu ya yale mawe meusi ya volkano, hakuna hata kivuli, na mbele kabisa, katika kiti cha mito, alikaa koko, mama yake Muzee Bauma, amevaa nguo nyeupe tupu, miguu yake haina nguvu tena ya kutembea. Nikamuangalia mukwe wangu, nikanyoosha kidole juu mbinguni, nikatabasamu. Hiyo peke yake ingetosha kunihukumu.

Musemaji wetu alikuwa papa yangu mudogo, Paluku, mutu ambaye maneno yanamutoka kama maji ya bomba. Alikuwa bado kwenye salamu wakati upepo wa baridi ulipotoka upande wa Sake, na nyuma yake wingu jeusi. Tone moja likaanguka kwenye karatasi yake. Mama mumoja akasimama, mwingine akavuta kitenge kichwani, na mimi, bwana arusi, ambaye siku kama ile kazi yake ni kukaa kimya, nikaruka nikasimama:

"Mukae tu! Ni wingu la kupita! Dakika mbili!"

Wakakaa. Ndiyo uchungu wake, wakakaa, kwa sababu Prof amesema. Na dakika mbili hazikutimia, mvua ikamwagika yote kwa mara moja, ikiwa na barafu ndani yake, barafu kama punje za mahindi, na kila mutu akakamata kiti chake akakiweka juu ya kichwa na kukimbilia ndani ya nyumba, wajomba, mashangazi, papa mudogo na karatasi yake, na mbuzi zetu, nawaapia, zilifika saluni, pale sebuleni, kabla ya wageni wote.

Mimi nilibaki nimesimama katikati ya kiwanja nikijiuliza nitajificha wapi, na ndipo nikamuona koko. Alikuwa peke yake katika kiti chake, mikono juu ya kichwa, barafu inamupiga. Kila mutu alifikiri mwingine amemuchukua. Nikakimbia nikamunyanyua, nikamufunika kwa jaketi la suti yangu, na karibu na mulango mawe yakateleza, nikaanguka goti moja, suruali ikapasuka nyuma kwa sauti ambayo hata mvua haikuificha. Lakini koko sikumuachilia.

Tulipoingia ndani, mama yake Furaha alituangalia, akapiga kelele: "Damu! Koko anatoka damu!"

Nikamuangalia na mimi. Nguo yake nyeupe ilikuwa nyekundu, kutoka shingo mpaka magoti. Wamama wakaanza kulia, shangazi mumoja akapiga magoti akiomba, jirani akatoka mbio kutafuta gari la kwenda hospitali. Nikataka kueleza, nikapangusa maji kwenye uso, na uso wangu nao ukawa mwekundu, ndipo kilio kikazidi, maana sasa tulikuwa wagonjwa wawili.

Koko ndiye aliyetuokoa. Alinusa mukono wa nguo yake, akauangalia vizuri, akasema kwa utulivu:

"Hii si damu. Huyu bwana arusi anachuja."

Vijana walicheka mpaka wakashika kuta. Mama yake Furaha akanipa kitenge chake nijifunge, cha manjano, kimechorwa kuku na vifaranga vyao, na juu nikavaa koti kubwa la Muzee Bauma la kuchungia ng'ombe. Hivyo ndivyo nilivyokaa mbele ya wakubwa kuomba mwanamuke.

Kisha kicheko kikaisha. Musemaji wao, kaka ya Muzee Bauma, akasimama. "Ndugu zetu," akasema, "kijana asiyesikia mukubwa juu ya mvua tu, atamusikia juu ya nyumba? Afadhali turudie siku ingine." Siku ingine! Wote tulijua maana yake: hapana. Papa mudogo Paluku akaanza kukunja karatasi yake iliyolowa. Furaha alikuwa amesimama mulangoni, anaangalia chini.

"Prof," Muzee Bauma akaniita. "Tuko mwezi gani?"

"Wa saba, muzee."

"Na hii inayopiga mabati ni nini?"

Nilikuwa na majibu ya kitabu, mwalimu hakosi majibu. Nikayameza. "Ni mvua, muzee. Radio ilisema kweli na wewe ulisema kweli. Mimi sikujua, nilitaka tu nionekane najua. Munisamehe."

Halafu koko akainua mukono wake mwekundu.

"Niliwaangalia ninyi wote," akasema. "Mulikimbia na viti. Bauma, wewe niliyekuzaa, ulibeba viti viwili. Huyu alinibeba mimi."

Muzee Bauma akaangalia miguu yake.

"Mahari ipokelewe," koko akasema, kama mutu anayeagiza chai.

Vigelegele vilivyopigwa pale vilishinda mvua! Furaha akapita katikati ya wajomba wote akanishika mukono bila kuogopa rangi, ngoma ikaanza, nikacheza na kitenge changu cha kuku, na mukwe wangu akacheza pembeni yangu, na video ya uchezaji ule ilifika Rutshuru kabla sisi hatujarudi Goma, na shuleni jumatatu wanafunzi walinipokea wamesimama, wanapiga makofi. Nilikuwa nimeaibika kabisa na nilikuwa nimeshinda kabisa, kwa siku moja.

Tangu pale nimeapa: sitasema tena kitu nisichokijua kwa sauti ya mutu anayekijua, hata kama wenzangu wote wananisikiliza. Kwa mwalimu hicho ni kiapo kigumu, na sijui kama nitakiweza. Lakini Furaha amesema nikisahau atanikumbusha, na tangu tuoane hajapitisha hata siku moja.